Tarehe ya Kweli

Kazi yangu ilikuwa kupiga kelele. Usicheke. Kwenye mkataba waliandika mfuatiliaji wa vifaa, lakini kila mtu pale karakanani kwetu Wadeville, kuanzia bosi Loubser mpaka mama wa magwinya, yale maandazi yetu ya kukaanga, pale getini, alijua kwamba Disebo analipwa kwa kufoka kwenye simu. Na kufoka nilikuwa nakujua, jamani. Nilikuwa nafoka mpaka wahasibu wa chumba cha pili wanainuka kufunga mlango wao.

Tulikuwa tunatengeneza vinu vya kusagia mawe ya madini. Kinu chenyewe ni pipa la chuma kubwa kuliko nyumba yangu, linalazwa ubavu na kuzungushwa mchana na usiku huku mawe yakipondana tumboni mwake. Hakuna kinu kinachofanana na mwenzake. Mgodi huu una mawe magumu, ule una nafasi finyu, wa tatu una injinia mwenye maringo anayetaka mlango uwe kushoto. Kwa hiyo huwezi kwenda dukani ukasema nipe kipande cha kinu. Kila kipande kikubwa kinasubiwa kwa chuma kilichoyeyushwa, kisha kinakerezwa, kwa ajili ya kinu kimoja tu, na kikichelewa hicho, vingine vyote vinalala sakafuni kukisubiri. Ndiyo maana walimhitaji mtu kama mimi.

Sasa, kwetu tarehe zilikuwa mbili. Kuna ya kuandika na kuna ya kweli. Nikihitaji chuma katikati ya Agosti, naandika mwisho wa Julai, kwa sababu najua wale wa kiwanda cha kusubu watachelewa wiki tatu. Na wao wakisoma mwisho wa Julai wanajua Disebo amejiwekea wiki zake tatu, basi wanapanga katikati ya Agosti. Mimi nafoka, wao wanalalamika, chuma kinafika. Hakuna aliyetufundisha. Ukianza kazi unaikuta hivyo na unaizoea, kama unavyozoea mlango wa nyumbani ambao lazima uusukume na goti.

Aliyekuwa upande wa pili wa simu yangu miaka yote hiyo ni Muziwakhe Hadebe, mpangaji wa ratiba katika kiwanda cha kusubu vyuma kule Benoni. Nilikuwa nimemwona kwa macho mara mbili tu maishani, lakini nilimjua kuliko ninavyowajua mashemeji zangu.

"Muzi, chuma changu kiko wapi?"

"Salamu kwanza, dada Disebo. Umelelewa na nani wewe?"

"Nimelelewa na watu wanaotimiza ahadi. Kiko wapi?"

"Kinapoa."

"Juzi kinapoa, jana kinapoa. Ni chuma hicho au uji wa mgonjwa?"

"Ukikitaka cha moto njoo ukibebe kwa mikono yako."

Ndivyo tulivyoishi. Akinitukana vizuri, najua kazi yangu inakwenda.

Mwezi wa tano bosi Loubser akatukusanya karakanani, sote, mafundi na watu wa ofisini. Yeye si mtu wa hotuba. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema ule mgodi wa platini wa kule Steelpoort umetupa oda ya kinu kingine, lakini ni mara ya mwisho kutuvumilia, kwa sababu viwili vilivyotangulia tulivichelewesha. Kinu chao cha zamani watakizima mwisho wa Septemba, wakitoe, waweke chetu. Chetu kisipokuwepo siku hiyo, kipo cha ng'ambo kinachosubiri, na vinu vitatu vinavyofuata vitatoka ng'ambo huko huko.

"Vikienda ng'ambo," akasema, "mimi nafunga geti. Siwatishi. Sina kazi nyingine ya kuwapa."

Nikatazama juu. Mume wangu, Tseko, ndiye dereva wa kreni kubwa, na alikuwa amebaki kwenye kibanda chake kule darini akisikiliza. Yeye na mimi tunatoka geti moja. Mkate wetu, nyumba yetu ya Katlehong, karo ya mtoto wetu Relebohile aliyeko chuoni Bloemfontein, vyote vilikuwa vinapita pale. Aliinua mkono mmoja kuniambia amesikia, basi.

Mpangaji wetu mpya wa ratiba ndiye aliyekabidhiwa kinu hicho. Katleho Ramaili, kijana wa Qwaqwa, mpole, shati limepigwa pasi mpaka kwenye mikono. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Wiki yake ya kwanza alinijia na oda ya boliti mkononi.

"Mama Disebo, hizi boliti tumeandika Juni mosi. Tunazihitaji lini hasa?"

"Mwisho wa Juni."

"Sasa kwa nini tumeandika mosi?"

"Kwa sababu nina akili timamu, mwanangu."

Hakucheka. Akavuta kiti, akakaa. "Vile vinu viwili vilivyochelewa, unajua vilichelewa kwa nini? Cha kwanza, mtu aliuamini uongo wetu, akaacha kazi za wengine, akaleta vyuma mapema. Vikalala nje kwenye mvua, vikapata kutu, ikabidi vikwanguliwe upya. Cha pili, mtu hakutuamini hata kidogo, akaleta alipojisikia. Tunawadanganya, wanatudanganya, halafu hakuna hata mmoja anayejua kinu kinatoka lini. Hata wewe hujui, mama. Unakisia."

Nikamwambia nakisia vizuri.

"Kuanzia leo tarehe ni moja," akasema. "Ya kweli. Tunaiandika hiyo, tunaisema hiyo, na wao tunawataka waseme ya kweli. Kelele basi."

"Na Benoni pia?"

"Na Benoni pia."

"Wale wa Benoni wamezoea, Katleho. Ukiwaambia Jumatatu, wanasikia Jumatatu ya mwezi ujao."

"Basi wataanza kuzoea vingine," akasema, kwa upole ule ule.

Na unajua kilichoniudhi? Ilianza kufanya kazi. Boliti zikaja siku iliyoandikwa. Mota ya umeme ikaja siku iliyoandikwa, asubuhi, dereva wake akashangaa kwa nini nimetoka nje kuishangaa. Gia ikachelewa siku moja, na mwenye gia akapiga simu mwenyewe kuomba radhi! Mimi katika maisha yangu yote sikuwahi kuombwa radhi na mtu wa gia. Mafundi wakaanza kumwita Katleho mchungaji. Tseko akaniambia mezani, tukila ugali, labda kijana anaijua kazi. Nami nikaanza kutumaini, ndiyo, mimi Disebo, mtu mzima na mvi zangu.

Lakini wale walikuwa watu wa maghala. Boliti ni boliti, ipo rafuni, ni kuichukua tu. Kilichobaki Benoni ni kichwa cha kinu. Kichwa ni lile sinia nene la chuma linalofunga pipa upande mmoja, na shingo yake ndiyo inayobeba uzito wote kinu kinapozunguka. Hakipo rafuni popote duniani. Lazima kitengenezewe kalibu ya mchanga, chuma kiyeyushwe, kimwagwe, kipoe taratibu humo humo mchangani, kisha kiletwe kwetu kikerezwe. Na Benoni wana foleni ya watu wa pampu, watu wa reli, watu wa mabwawa, kila mmoja na tarehe yake ya uongo.

Katleho aliwaandikia katikati ya Agosti. Ya kweli tupu, bila hata siku moja ya akiba.

Nikampigia Muzi. Kelele nilikuwa nimekatazwa, nikaongea kwa sauti ya kanisani.

"Muzi, hiki kichwa ni katikati ya Agosti. Hiyo ni ya kweli."

Kisha nikasikia anacheka, halafu anawasimulia wenzake ofisini, nao wanacheka.

"Ya kweli! Dada, mwaka juzi ile oda ya mgodi wa kromu uliniapia kwa kaburi la mama yako. Chuma kikakaa kwenu mwezi mzima hakijaguswa. Dereva wangu alikikuta mmekifanya meza, kuna birika la chai juu yake."

"Ile ilikuwa ile. Hii siyo kama zile."

"Hata mwaka jana ulisema siyo kama zile."

"Muzi, nisikilize. Safari hii watatufunga."

"Mwaka jana walikuwa hawawafungi?"

Nikakaa na simu mkononi. Ningesema nini? Kila neno ambalo mtu husema akitaka aaminiwe, nilishalisema kwa tarehe za uongo, miaka nenda miaka rudi, na ndivyo kazi ilivyotaka. Sikubakiwa na neno lolote jipya. Niliwaza kupiga ukelele, lakini hata ukelele ulikuwa wa kawaida yangu.

"Sawa, mama," akasema Muzi mwishowe, kwa adabu. "Umesikika."

Mama! Muzi hajawahi kuniita mama. Nikaenda moja kwa moja mezani kwa Katleho.

"Niruhusu nimwambie mwisho wa Julai."

"Barua imeshakwenda, mama. Na wamejibu. Tazama: tarehe imepokelewa."

"Imepokelewa si sawa na itatimizwa! Hata mimi nimepokea mialiko ya harusi ambazo sikwenda."

"Nikibadilisha sasa, kila tulichosema kitaonekana uongo. Wenye gia watasikia, wenye mota watasikia. Tutarudi pale pale." Akaweka kiganja juu ya mkono wangu. "Tuwaamini watu mara moja tu, Mama Disebo."

"Basi niende Benoni nikakae pale."

"Ukienda kuwasimamia ni kama kuwaambia tarehe yetu si ya kuaminika."

Nilirudi mezani kwangu, nikala magwinya matatu kwa hasira.

Mwishoni mwa Julai, Jumamosi, tulikuwa na shughuli ya kufunua jiwe la kaburi la shangazi yake Tseko kule Daveyton. Tukitoka, nimevaa kofia yangu ya ibada na blanketi begani, nikamwambia Tseko apitie Benoni. Hakuuliza kwa nini. Ni mtu asiyeuliza.

Muzi alinitambua kwa sauti kabla hajanitazama. Akanyoosha mikono, pengo lake la meno ya mbele wazi. "Malkia ametutembelea! Leo umeona simu haitoshi, umekuja kunifokea usoni?"

"Nimekuja kukiona kichwa changu."

"Kile pale."

Alikuwa ananionyesha ukutani. Lilikuwepo umbo la mbao tu, lile wanalolikandamiza mchangani kupata kalibu, limeegemezwa na lina vumbi. Kalibu haijaanza. Nikamgeukia.

"Usiogope, dada," akasema. Alikuwa na furaha kabisa, Mungu wangu, alikuwa kama mtu aliyekuwekea zawadi. "Nimekupendelea. Wiki ya kwanza ya Septemba kipo kwenu. Nimemsukuma mtu wa pampu nyuma ili wewe uwahi tarehe yako ya kweli. Kwa sababu ulinipigia kwa unyonge, nikajua una shida."

"Muzi. Barua ilisema katikati ya Agosti."

"Ndiyo. Nikaongeza wiki zetu tatu."

"Hatukuziweka."

"Hamkuweka nini?"

"Zile wiki. Safari hii hatukuziweka."

Lile pengo likafungika polepole. Alinitazama, akamtazama Tseko, akanitazama tena. "Nani anaacha kuziweka wiki tatu?"

"Nilikuambia ni ya kweli!"

"Uliniambia kama ulivyoniambia siku zote!"

"Ulitaka nikuambie vipi? Nije nimevua nguo?"

"Mnaachaje kitu kama hicho bila kumwambia mtu?"

Tukapigizana kelele pale mbele ya tanuri mpaka wasubu wakaacha majembe yao ya mchanga kututazama. Miaka yote ile ya simu ilikuwa michezo tu, sasa ndiyo tuligombana kweli, na hakukuwa na raha yoyote ndani yake. Mwishowe Muzi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Tseko ndiye aliyesema. "Mkimwaga Jumatatu?"

"Kalibu peke yake ni siku kadhaa, shemeji. Tukimwaga mwisho wa wiki..." Alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo inacheza. "Chuma kizito vile kinataka kukaa mchangani mpaka kipoe chenyewe. Hakiharakishwi. Labda nikikitoa mapema kidogo."

"Mapema kiasi gani?" nikauliza.

"Kidogo," akasema Muzi, na hakunitazama.

Jumatatu nilimwambia Katleho. Alichukua barua ile yenye maneno tarehe imepokelewa, akaisoma tena akiwa amesimama, kama vile safari hii itasema jambo jingine. Kisha akaendesha gari mpaka Benoni, akashinda huko siku tatu, akiwabembeleza wakubwa, akimbembeleza hata yule mtu wa pampu kwa simu. Walimwaga Ijumaa. Mimi nilipiga kila asubuhi.

"Kinapoa?"

"Kinapoa, dada."

Hakuna aliyeongeza kitu. Ningetoa chochote anitukane hata mara moja.

Na kichwa kilifika. Nakuambia kilifika katikati ya Agosti, siku ile ile ya barua, juu ya tela, kimefungwa minyororo, cha kijivu na kizuri. Watu walitoka karakanani wakipiga makofi. Mama wa magwinya aliimba, mafundi wakaitikia. Tseko alikiinua taratibu, kile chuma kizito vile, akakiweka kwenye mashine ya kukereza kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Bosi Loubser alivua miwani. Katleho alinisogelea, macho yamemjaa machozi, akaniambia, "Umeona, mama?" Nikamkumbatia. Mbele ya watu wote nilimkumbatia.

Kwetu, mashine kubwa ya kukereza ikiwa kazini unaisikia mpaka chooni. Siku ya tatu, saa ya chai haijafika, ikasimama. Nilikuwa na simu sikioni. Niliikata, nikaenda.

Mokete, fundi wa mashine ile, alikuwa ameinama juu ya shingo ya kichwa akiipangusa na kitambaa. Ganda la juu lilikuwa limekerezwa, chuma cheupe kinang'aa, na katika ule weupe kulikuwa na mstari. Mwembamba sana, kama unywele ulioanguka kwenye sahani. Mokete alipangusa, ukabaki. Akapangusa tena.

"Umezunguka," akasema. "Unaingia ndani."

Chuma kilitolewa mchangani kikiwa bado moto tumboni, kikajikaza, kikapasuka. Huo ndio ukweli wake na hakuna aliyebisha. Kuuziba ule ufa kulitaka kuchimba, kuchomelea, kukipasha moto kichwa kizima na kukipoza upya, na baada ya hapo hakuna injinia ambaye angeweka jina lake. Kumwaga kingine kulitupeleka Novemba.

Katleho alipanga ratiba upya. Akaipanga tena. Nilimkuta anahamisha vile vipande vya karatasi vya rangi ubaoni, hiki huku, kile kule, kupaka rangi kabla ya kuunganisha, kusafirisha vipande na kuunganishia mgodini, mafundi zamu mbili, zamu tatu. Alikuwa anavisogeza hata baada ya watu kwenda nyumbani, na kila alivyovipanga, kichwa kiliangukia Novemba.

"Nilisema kweli, mama," akaniambia, mgongo wake kwangu.

"Najua."

"Kama ningeandika mwisho wa Julai..."

"Najua, mwanangu. Nyamaza."

Wale wa Steelpoort walizima kinu chao mwisho wa Septemba kama walivyosema. Wao ndio peke yao katika habari hii yote ambao tarehe yao ilikuwa tarehe. Cha ng'ambo kikawekwa. Bosi Loubser akatukusanya tena karakanani, na safari hii hakuivua miwani, alisoma karatasi ya wanasheria mpaka mwisho bila kuinua uso. Siku ya mwisho Katleho alisimama getini kumpa mkono kila mtu. Mokete alimpa. Wengine walimpita kama nguzo, na mmoja alitema mate karibu na viatu vyake, na yeye aliendelea kusimama pale na mkono wake mbele mpaka wa mwisho akatoka. Hasira nilizokuwa nazo siku ile sikujua nizipeleke kwa nani. Ningempata mtu mmoja tu wa kumfokea ningepona.

Novemba walimwita Tseko kwa kazi ya siku moja. Vitu vilikuwa vinauzwa, na hakuna mwingine aliyeiweza ile kreni. Kile kichwa hakuna aliyekitaka. Nani akitake? Kilitengenezwa kwa kinu kimoja, na kinu hicho hakipo. Kilikuwa kinarudi Benoni kuyeyushwa. Nilikwenda naye kwa sababu nilijua nani angekuja na lori.

Muzi alikuwa amekonda. Tulisimama pembeni tukamtazama Tseko akikiinua kichwa, ule ufa ukatupita usawa wa macho, na karakana ilikuwa tupu kiasi kwamba mnyororo ulipolia sauti ilirudi kutoka pande zote.

"Ungenifokea tu na tarehe yenu ya zamani, dada."

"Nilikatazwa."

"Yule kijana yuko wapi?"

"Kwao Qwaqwa. Hapokei simu."

"Alikuwa mkweli."

"Alikuwa mkweli peke yake," nikasema. Muzi akatikisa kichwa. Akanywa chai niliyomletea, akairudisha nusu.

Tseko aliposhuka kwenye ngazi, alisimama kidogo akiwa ameshika chuma cha mwisho cha ngazi ile, halafu akaachia. Muzi akampa mkono. "Shemeji, kwetu kuna mzee wa kreni anastaafu. Nitaongea na wakubwa. Nitawapigia wiki ijayo."

Uso wa Tseko ulibadilika. Sikuwa nimeuona hivyo tangu Agosti. Jumatatu alinyoa ndevu, akavaa shati, akaiweka simu mezani mbele yake kama sahani. Jumanne vivyo hivyo. Wiki ile ikapita. Alipoanza kununa nilimkalisha nikamfundisha kazi yangu, kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu. Nikamwambia wiki ijayo ya Muzi ni tarehe ya mdomoni. Muzi ni mtu mzuri, lakini unaongeza wiki tatu, ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Akanielewa. Alitulia kabisa, hata akatengeneza bomba la uani lililokuwa linavuja.

Wiki tatu hizo zimekwisha Ijumaa. Leo asubuhi amenyoa, amevaa shati, amekaa. Simu iko mezani. Ameniuliza, bila kunitazama, kama kuna wiki nyingine za kuongeza.

Nimemwambia zipo.